Dolly Parton kabla ya mwaka 1974: ni kalamu yake iliyomtoa, au ni Porter Wagoner?

Sauti ya Njombe aliandika:

Shikamoo kwa wakubwa, na kamwene kwa wote. Mimi huendesha kipindi cha muziki wa zamani katika redio ya jamii hapa Njombe kila Jumapili usiku, na wengi wa wasikilizaji wangu ni watu wa makamo waliokulia kwenye kanda za Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers. Sasa akina mama wa Makambako na Ludewa wamenibana niandae saa nzima juu ya Dolly Parton. Nimekubali, ila sitaki kurudia yale ambayo kila mtu anayajua, yaani nywele, filamu, na ule wimbo wake "I Will Always Love You" ambao Whitney Houston aliuimba mwaka 1992. Nataka nianzie utotoni na niishie mwaka 1974, alipoachana na kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner.

Kinachonikwamisha ni kwamba nimekutana na masimulizi mawili yasiyopatana. La kwanza linasema Dolly alikuwa binti wa kijijini mwenye sauti nzuri, ambaye Porter Wagoner, mwanamuziki mkubwa aliyekuwa tayari na kipindi chake, alimwokota na kumfanya nyota. La pili linasema alikuwa mtunzi aliyekwisha kukomaa kabla hata hajakutana na Porter, na kwamba angefika alikofika kwa njia yoyote ile. Nikisoma upande mmoja naridhika, nikisoma wa pili naridhika vilevile, na mtangazaji hawezi kukaa mbele ya kipaza sauti akiyumba namna hiyo.

Naomba wenye ufahamu mnisaidie mambo mawili. Kwanza, ni mambo gani ya miaka ile ambayo ni ya hakika, yenye mwaka na jina la mahali, ambayo naweza kuyasema hewani bila wasiwasi? Pili, kama mngelazimika kuchagua nyimbo chache tu za kuonyesha namna alivyopanda, mngeziweka kwa mpangilio upi?

Mzee wa Santuri (Mbeya) alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nimekusanya santuri hapa Mbeya kwa muda mrefu na za huyu mama ninazo kadhaa, kwa hiyo acha nianze na yale yasiyo na ubishi, halafu wengine watakuja na hoja zao.

Dolly Rebecca Parton alizaliwa tarehe 19 Januari 1946 katika wilaya ya Sevier, mashariki mwa jimbo la Tennessee, kwenye milima ya Great Smoky, akiwa mtoto wa nne kati ya 12. Baba yake, Robert Lee Parton, alikuwa mkulima aliyeishi kwa tumbaku na vibarua, na hakujua kusoma wala kuandika. Daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa mfuko wa unga wa mahindi, kwa sababu fedha taslimu haikuwapo ndani ya nyumba. Wasikilizaji wako hawatahitaji ufafanuzi wa jambo hilo, kwa hiyo liseme kisha uendelee. Mama yake, Avie Lee, alitoka katika ukoo wa Owens, ambao ulikuwa ukoo wa waimbaji, na babu mzaa mama alikuwa mhubiri wa Kipentekoste. Kanisani ndiko alikoanza kuimba mbele za watu akiwa bado mdogo sana, kama ambavyo waimbaji wetu wengi wa Nyanda za Juu Kusini wameanzia kwenye kwaya.

Zingatia kwamba utunzi ulitangulia hata gitaa. Kabla hajajua kuandika, alitunga wimbo juu ya mwanasesere wake aliyetengenezwa kwa gunzi la mahindi, na mama yake akaunukuu kwenye karatasi. Wimbo huo unaitwa "Little Tiny Tasseltop". Alipofika umri wa miaka minane, mjomba wake Bill Owens alimpa gitaa lake la kwanza la kweli. Usimpite haraka huyu mjomba. Ndiye aliyempeleka Knoxville kwa Cas Walker, mfanyabiashara mwenye maduka ya vyakula ambaye alikuwa na kipindi chake cha redio na televisheni, na Dolly akawa anaimba huko akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Ndiye aliyetunga pamoja naye "Puppy Love", santuri yake ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1959 na kampuni ndogo ya Goldband ya Lake Charles, Louisiana. Kwenda kuirekodi, mtoto alisafiri kwa basi pamoja na bibi yake, akavuka majimbo kadhaa. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 13, alipanda jukwaa la Grand Ole Opry, onyesho maarufu la redio la muziki wa kantri mjini Nashville, na aliyemkaribisha mbele ya hadhira alikuwa Johnny Cash mwenyewe.

Ukiishia hapo utadhani mambo yalikuwa yamenyooka, lakini sivyo. "Puppy Love" haikuuzwa kwa kiasi cha kutajika, na mwaka 1962 kampuni kubwa ya Mercury ilimtolea santuri moja ambayo nayo ilizama. Akarudi shuleni. Mwaka 1964 alimaliza masomo ya sekondari, na kesho yake akapanda basi kwenda Nashville. Siku ileile aliyofika alikutana na Carl Dean nje ya duka la kufulia nguo liitwalo Wishy Washy, wakafunga ndoa kimyakimya tarehe 30 Mei 1966 huko Ringgold, Georgia, kwa kuwa wakubwa wa kampuni yake hawakutaka aolewe kwa wakati ule. Habari za ndoa ziguse tu, maana ukizifungulia mlango zitakula saa nzima.

Mwaka 1965 aliingia mkataba na kampuni ya Monument, chini ya Fred Foster. Hapo walimlazimisha kuimba nyimbo laini za vijana, kwa maelezo kwamba sauti yake nyembamba, ya juu na yenye mtetemo, haikufaa muziki wa kantri. Watu wa kazi hiyo, wenye masikio na vifaa, walimsikiliza Dolly Parton wakaamua kwamba kantri haimfai! Nyimbo hizo hazikufika popote. Huo ndio msingi wenyewe. Juu ya Porter nitarudi, kwa sababu nina la kusema.

Binti Kihesa (Iringa) alijibu:

Shikamoo Mzee wa Santuri, na nakushukuru kwa kutuwekea msingi. Mimi ni mtunzi wa nyimbo, si mwimbaji, na ndiyo maana hadithi ya Dolly ya kati ya 1964 na 1967 huwa naisoma kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya maisha yake. Naomba niikazie, kwa sababu watangazaji wengi huiruka.

Miaka hiyo mitatu sauti yake ilikuwa imekataliwa, lakini nyimbo zake zilikuwa zikipokewa. Yeye na mjomba Bill walikuwa wakitunga kwa ajili ya kampuni ya uchapishaji wa nyimbo iitwayo Combine, na kazi yao ilikuwa kuzunguka ofisi za Nashville wakitafuta waimbaji wa kuziimba. Fedha ilikuwa ya taabu. Amewahi kusimulia mwenyewe kwamba aliwahi kuishi kwa supu ya maji ya moto na sosi ya nyanya. Halafu, mwaka 1966, mwimbaji anayeitwa Bill Phillips alirekodi wimbo wao "Put It Off Until Tomorrow". Wimbo ulipanda hadi nafasi ya 6 katika chati ya kantri ya Marekani. Ndani ya rekodi ile kuna sauti ya mwanamke inayomsindikiza Phillips kuanzia mwanzo hadi mwisho, na jina la mwanamke huyo halikuandikwa popote kwenye santuri. Watangazaji wa redio wakaanza kuuliza ni nani yule. Alikuwa Dolly.

Hapo ndipo Fred Foster alipokubali kumwacha aimbe kantri. Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, jibu langu kwa swali lako ni kwamba mlango ulifunguliwa na wimbo alioutunga, na sauti iliingia nyuma ya wimbo huo kama mtu aliyekuja kusindikiza. Mwaka uliofuata, 1967, Skeeter Davis naye aliimba "Fuel to the Flame", utunzi mwingine wa Dolly na mjomba wake, nao ukakaribia kumi bora.

Sasa angalia kitu ambacho kwangu ni cha ajabu kidogo. Wimbo wa kwanza wa kantri uliomwingiza Dolly mwenyewe kwenye chati, "Dumb Blonde" wa mwaka 1967, haukuwa wake. Aliutunga Curly Putman. Na wimbo wa kwanza uliomfikisha peke yake katika kumi bora, "Mule Skinner Blues" wa mwaka 1970, ulikuwa wimbo wa zamani wa Jimmie Rodgers. Yaani kwa miaka kadhaa kalamu yake ilikuwa ikishinda katika midomo ya watu wengine, na sauti yake ikishinda kwa maneno ya watu wengine. Vitu hivyo viwili vilifika kileleni pamoja mwezi Februari 1971, "Joshua", wimbo aliouandika mwenyewe na kuuimba mwenyewe, ulipokuwa wa kwanza wake kushika nafasi ya 1. Kama ningekuwa mimi, kipindi chote ningekijenga juu ya jambo hilo.

Naandika haya nikiwa na uchungu wangu pia. Kuna mwimbaji mmoja niliyempa beti tatu na kiitikio tukiwa studio, akanipa fedha ya nauli na ya chakula, na wimbo ukawa unapigwa kwenye mabasi na kwenye harusi. Jina langu halikutajwa, na nilipouliza niliambiwa kwamba nilikwisha kulipwa. Ningependa kujua, Dolly alijikinga vipi asifanyiwe hivyo, akiwa binti wa miaka ishirini katika mji ambao hakuwa na ndugu ila mjomba?

Wakili wa Tukuyu alijibu:

Poleni na kazi, na pole kwa namna ya pekee kwako, Binti Kihesa. Nitajibu swali lako, na katika kulijibu nitakuwa nimemjibu pia mtangazaji wetu.

Wimbo mmoja hubeba mali mbili, na watu wengi huzichanganya. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na mahadhi, ambao ni mali ya aliyeutunga. Kisha kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio siku fulani, ambayo wadai wake ni mwimbaji na aliyegharamia kurekodi. Sheria yetu ya mwaka 1999 inatofautisha mambo hayo hata katika jina lake, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Mtunzi ana hakimiliki, na mwimbaji pamoja na mtayarishaji wa rekodi wana hakishiriki. Mtu anayekupa nauli studio amenunua nini hasa, ikiwa hakuna karatasi? Hilo ni swali ambalo yeye ndiye angepaswa kulijibu, na si wewe. Peleka kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, zikasajiliwe kabla hujazitoa kwa mtu yeyote.

Dolly alilijua jambo hili mapema mno. Mwaka 1966, akiwa hana hata wimbo mmoja uliovuma kwa sauti yake, alikwisha kuanzisha na mjomba wake kampuni yao ya uchapishaji wa nyimbo, wakaiita Owepar, jina lililounganishwa kutoka Owens na Parton. Kazi ya kampuni ya uchapishaji ni kusimamia wimbo, kutoa idhini, na kukusanya mirabaha kila unapouzwa au kupigwa. Kwa desturi ya biashara hiyo, mirabaha ya wimbo hugawanywa nusu kwa mtunzi na nusu kwa mchapishaji. Mtunzi asiye na kampuni yake huiacha ile nusu ya pili kwa wenye ofisi. Mwenye kampuni yake hubaki na mkono katika nusu zote mbili.

Matunda yake yalionekana katika jambo lililotokea baada ya mwaka 1974, ambalo utalazimika kulitaja ingawa linavuka kidogo mpaka uliojiwekea. Elvis Presley alitaka kurekodi "I Will Always Love You". Kila kitu kilikuwa kimepangwa, na Dolly alikuwa na furaha ya kupita kiasi, ndipo meneja wa Elvis, Colonel Tom Parker, alipomweleza kwamba Elvis haimbi wimbo bila kupewa nusu ya haki za uchapishaji. Dolly alikataa. Amesema mwenyewe kwamba alilia usiku kucha, na watu wakamwona hana akili. Wimbo ulibaki wake wote, na Whitney Houston alipouimba mwaka 1992 ukakaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 14, kila senti ya mtunzi ilikuwa na mahali pa kwenda.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, simulizi la kuokotwa halisimami. Binti aliyeokotwa hana kampuni ya uchapishaji. Alipokutana na Porter Wagoner mwaka 1967 alikuwa na mkataba wa kurekodi, albamu yake ya kwanza, wimbo wake uliofika nafasi ya 6, na kampuni. Alichokuwa hana ni televisheni.

Mzee wa Santuri (Mbeya) alijibu:

Mwanangu Wakili, "alichokuwa hana ni televisheni" umelisema kama mtu anayesema alichokosa ni chumvi. Katika muziki wa kantri wa miaka ile, televisheni ilikuwa ndiyo chungu chenyewe.

Tumtendee haki Porter. Kipindi chake kilianza mwaka 1960 na kilirushwa na vituo vingi vya miji mbalimbali, kikiingia sebuleni kwa watu ambao hawakuwa wakinunua santuri. Mwaka 1967 mwimbaji wake wa kike, Norma Jean, aliondoka, na Porter akamchukua Dolly kwa malipo yanayotajwa kuwa dola 60,000 kwa mwaka. Kwa binti aliyekuwa akinywa supu ya sosi ya nyanya, hebu fikirini. Tena mapokezi hayakuwa mazuri. Watu walikwenda kwenye maonyesho wakapiga kelele kumtaka Norma Jean wao, wakati Dolly amesimama mbele yao na gitaa. Porter hakumwondoa. Alianza kuimba naye pamoja, wawili wawili, mpaka hadhira ikamzoea.

Kisha Porter ndiye aliyemwombea nafasi katika kampuni yake ya RCA. Chet Atkins, aliyekuwa mkubwa pale Nashville, alisita kwa sababu ileile ya sauti. Porter akasema kwamba ikiwa kampuni itapata hasara kwa huyu binti, ikate kwenye malipo yake yeye Porter. Ni wanamuziki wangapi mnaowafahamu ambao wangetoa mirabaha yao iwe dhamana ya msanii mchanga? Wimbo wao wa kwanza wa pamoja, "The Last Thing on My Mind", uliingia kumi bora mwanzoni mwa 1968, na mwaka huohuo wakapata tuzo ya Country Music Association. Mwaka 1969 Dolly akawa mwanachama wa Grand Ole Opry. Hata ule wimbo wa "Mule Skinner Blues", ambao Binti Kihesa ameutaja, wazo la kuurekodi lilitoka kwa Porter. Kwa hiyo ni Porter aliyeona kwamba sauti ile, ambayo wengine waliiona kasoro, ingeweza kupiga ukelele wa milimani ukasisimua watu.

Siwafichi na upande wa pili. Porter alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kipite mkononi mwake: nyimbo zipi zirekodiwe, nani apige nini, onyesho liende vipi. Dolly alikuwa amekubali kukaa miaka mitano, na ilipopita akaanza kuomba kuondoka, mabishano yakawa hayaishi. Mwisho akaona kwamba maneno ya kawaida hayasikiki, akaenda nyumbani akaandika "I Will Always Love You", akarudi akamwimbia Porter ofisini kwake. Porter alilia, akamwambia kwamba huo ni wimbo mzuri kuliko yote aliyowahi kuandika, na kwamba anaweza kuondoka ikiwa atamwacha autayarishe studio. Wimbo ulirekodiwa mwezi Juni 1973, ukatolewa 1974, ukashika nafasi ya 1, na mwaka huohuo akaondoka kwenye kipindi. Jambo ambalo watangazaji husahau kulisema ni kwamba machozi hayakuzuia mahakama. Mwaka 1979 Porter alimfungulia kesi ya madai ya dola milioni 3, nao wakaimaliza nje ya mahakama. Baadaye walipatana kweli, na Dolly alikuwa karibu naye alipokuwa mgonjwa, kabla hajafariki mwezi Oktoba 2007.

Kwa hiyo sikubali kwamba aliokotwa, wala sikubali kwamba angefika kwa njia yoyote ile. Nashville ya miaka ile ilikuwa na watunzi hodari wengi ambao majina yao leo yanasomwa na wakusanyaji kama mimi tu, wenye kusoma maandishi madogo ya katikati ya santuri.

Binti Kihesa (Iringa) alijibu:

Mzee, hoja ya Chet Atkins nimeipokea, na sina la kuipinga. Naongeza moja tu. Katika miaka saba ya kuwa na Porter, akisafiri kwa basi kutoka mji hadi mji, hakuacha kuandika, na nyimbo zake bora za mwanzo ziliandikwa katika kipindi hicho cha kuwa chini ya mtu mwingine. "Coat of Many Colors" aliuanza mwaka 1969 ndani ya basi la Porter. Hakuwa na karatasi. Akachukua stakabadhi ya dobi iliyokuwa imebanwa kwenye mojawapo ya suti za Porter, zile suti zenye urembo wa kung'aa, akaandika nyuma yake. Wimbo wenyewe unahusu koti ambalo mama yake alimshonea kwa vipande vya vitambaa, akimsimulia habari za Yusufu wa kwenye Biblia, na namna watoto wa shule walivyomcheka alipokwenda nalo akijivuna. Ulitolewa mwaka 1971 na ukafika nafasi ya 4. Sijui kama kuna mtu aliyesoma shule ya msingi huku kwetu akiwa na sweta lililofumuliwa na kufumwa upya ambaye anaweza kuusikiliza wimbo ule akabaki na macho makavu.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, Porter alimpa basi, mshahara na kamera, na yeye akaitumia karatasi ya dobi wa Porter kuandika wimbo ambao haukuwa wa Porter.

Sauti ya Njombe aliandika:

Nawashukuru sana, wazee na dada yangu. Nimepata zaidi ya nilichokiomba, na nimeamua kutochagua kati ya masimulizi yale mawili. Nitafuata njia ya Binti Kihesa, ya kalamu na sauti zilizokwenda kila moja kivyake hadi 1971, kisha hoja ya Mzee juu ya Porter nitaiweka katikati, mahali ambapo sauti inapata televisheni.

Mpangilio wangu ni huu. Nitafungua kwa "Puppy Love" ili watu wasikie sauti ya kitoto, halafu "Put It Off Until Tomorrow" ya Bill Phillips, nami nitawaomba wasikilizaji wapige simu kusema ni nani yule mwanamke anayeitikia. Baada ya hapo itakuja "Dumb Blonde", kisha "The Last Thing on My Mind" akiwa na Porter, "Mule Skinner Blues", "Joshua", "Coat of Many Colors", na mwisho "I Will Always Love You" ya mwaka 1974. "Jolene" nimeiacha kwa makusudi ingawa ni ya wakati huohuo, kwa sababu wataiomba tu kwa simu, na nitaipiga wakiiomba.

Kinachonipungukia ni rekodi ya Bill Phillips. Nimeitafuta Njombe na Makambako bila mafanikio. Je, Mzee unayo?

Mzee wa Santuri (Mbeya) alijibu:

Ninayo, ina mikwaruzo kidogo upande wa kwanza lakini sauti ya Dolly inasikika vizuri. Santuri yenyewe haitoki nyumbani kwangu, maana nilishaazima watu nikajifunza. Njoo nayo mashine yako ya kunasia sauti siku utakayokuwa unapita Mbeya, tutainakili hapa sebuleni. Na usiishushe sauti ya mwanamke kwenye mitambo kwa kudhani ni kelele za nyuma, kama walivyofanya wengine.

Wakili wa Tukuyu alijibu:

Nami natumaini redio yenu imelipia leseni ya hakimiliki ya mwaka huu kabla hamjaanza kunakili santuri za watu sebuleni. Nauliza tu. Kipindi kinaanza saa ngapi, na huku Rungwe mnasikika?

Sauti ya Njombe aliandika:

Leseni ipo, Wakili, imebandikwa ukutani studio. Tunaanza saa tatu usiku. Rungwe hatufiki, milima inatuzuia, lakini nitakirekodi kipindi chote na kukiweka hapa Jumatatu asubuhi.